Msamaha Ambao Tryphosa Hakuuomba

Sehemu ya Tisa

Tryphosa Kwamboka alikuwa na chapati mdomoni wakati redio ilipomtangaza kwamba anaomba msamaha.

Hapo ndipo tulipomwacha Ijumaa iliyopita, msomaji. Hoteli ndogo sokoni Nyakoe, saa moja na dakika tano asubuhi. Macho yake yako juu ya kabati la mandazi, kwenye redio ya mwenye hoteli, na sauti inayotoka humo ni yake mwenyewe.

"Mimi ni Tryphosa Kwamboka. Nisamehe. Nilisema maneno ambayo hayakuwa ya kweli. Nilikuwa na hasira. Wewe hukunikosea lolote, mimi ndiye niliyekukosea. Naomba unipokee tena."

Kisha ikaingia sauti nyingine, laini kama mafuta. Ilikuwa ya Jacinta, mtangazaji mwenzake na rafiki yake wa miaka kumi na miwili.

"Umesikia mwenyewe, msikilizaji wa Mambia FM. Dada yetu alimtumia mkurugenzi ujumbe huo jana jioni. Yale aliyoyasema kuhusu Tabaka hayakuwa kweli. Hakuna mtu aliyefukiwa. Walio kule machimboni warudi nyumbani kwa amani."

Wimbo ukapigwa. Watu wote hotelini wakageuka wakamtazama Tryphosa.

Kama ulikosa gazeti la wiki jana, mambo yalikuwa hivi. Jumatatu mvua iliangusha shimo moja la mawe ya kuchonga kule Tabaka. Shimo ni la Nyamweya, na Mambia FM pia ni ya Nyamweya. Tryphosa alipewa karatasi akaisoma hewani: wafanyakazi wote wametoka salama. Jumanne akaja mwanamke mmoja pale kituoni na viatu vya mumewe ndani ya mfuko. Mumewe, Mokua, alivivua pembeni mwa shimo Jumatatu asubuhi, akashuka, na hakupanda tena. Jumatano Tryphosa akafungua maiki akasema: "Jumatatu niliwasomea uongo. Uliandikwa na kituo hiki hiki kinachonilipa mshahara. Kuna mtu chini ya mawe." Kabla ya wimbo uliofuata kuisha alikuwa amefutwa kazi.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Watu walibeba sururu na mitaimbo wakaenda Tabaka, wakalizuia tingatinga la Nyamweya lisilifukie shimo.

Na yule mwanamke mwenye viatu, Magdaline, asubuhi hii alikuwa ameketi mbele ya Tryphosa, meza moja, chai zao bado zinatoa mvuke.

"Umeniita hapa tunywe chai," Magdaline akasema polepole, "na jana jioni ulikuwa unamlilia Nyamweya?"

"Sijamtumia chochote. Mungu ni shahidi yangu."

"Hiyo ni sauti ya nani?"

Tryphosa akameza chapati kwa shida. "Ni yangu."

"Basi."

"Magdaline, nisikilize..."

"Nikusikilize mara ngapi? Jumatatu nilikusikiliza. Jana nimekusikiliza. Saa hizi nimekusikiliza."

Mwanamume wa meza ya pili akadakia. "Ndugu yangu alifunga duka lake jana akaenda kuchimba kwa sababu ya mdomo wako, madam. Kumbe ni mchezo!"

Simu ya Magdaline ikalia. Alikuwa shemeji yake, aliyebaki pale shimoni. Alikuwa akipiga kelele kiasi kwamba hoteli nzima ilimsikia: watu wameisikia redio, wanabeba sururu zao wanaondoka. Mtu wa Nyamweya amesema ikifika saa nne tinga linaanza kumwaga udongo, ati kwa usalama wa umma.

Magdaline akasimama. Hakulia. Afadhali angelia.

"Valentine ana miaka sita," alisema. "Kila jioni anamwekea baba yake kiti. Utakuja umwambie wewe kwa hiyo sauti yako tamu."

Akatoka, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, akaenda zake Tabaka.

Tryphosa alibaki amesimama katikati ya hoteli, hajui aweke wapi mikono. Kilichomtesa hakikuwa macho ya watu. Yale maneno aliyajua. Hayakuwa ya mashine wala ya mtu anayemwigiza. Aliwahi kuyatamka kwa mdomo wake, tena akilia. Lini? Kwa nani?

Na Jacinta! Maskini Jacinta, amelazimishwa kusoma upuzi kama nilivyolazimishwa mimi. Hivyo ndivyo alivyowaza, msomaji, alipokuwa akipanda pikipiki kuelekea mjini Kisii. Alimhurumia.

* * *

Mambia FM iko orofa ya tatu, juu ya duka la mbolea na mbegu. Chini huwa kuna askari. Jana askari huyo huyo ndiye aliyemtoa nje akiwa amemshika mkono.

Leo akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Madam! Nimekusikia asubuhi. Umefanya vizuri. Mkubwa ni mkubwa. Amekurudisha?"

Tryphosa akasita kidogo tu.

"Amenirudisha," akajibu.

"Pita, pita. Yeye mwenyewe hajafika."

Msamaha ambao hakuuomba ukamfungulia mlango.

Alipanda ngazi mbili mbili, akaingia moja kwa moja chumba cha mitambo. Calvince, fundi wa mitambo, alikuwa peke yake. Ni mtu wa makamo kutoka upande wa Oyugis, baba wa watoto wanne. Kwa miaka tisa ndiye aliyemfungulia Tryphosa maiki kila asubuhi. Alipomwona, aliinuka nusu akaketi tena.

"Ni wewe uliyeikata ile sauti," Tryphosa alisema.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Calvince!"

"Ngoja. Niliambiwa umekubali. Niliambiwa umemtumia Jacinta akupelekee kwa bosi, kwa sababu wewe unaona aibu."

"Nani alikuambia?"

"Jacinta mwenyewe. Aliileta kwa simu yake. Akanionyesha nianzie wapi na nimalizie wapi. Jina lako nikalitoa kwa tangazo la kipindi." Akamtazama vizuri. "Hukukubali?"

"Icheze yote. Ile ambayo hujakata."

Calvince akamvalisha vipokea sauti. Na Tryphosa akasikia, kabla ya lile neno nisamehe, maneno ambayo Kisii na Nyamira hazikuyasikia.

"Jacinta dadangu, ni mimi. Najua saa hizi mmetoka kumzika mama, na mimi sikuja kwenu Magwagwa. Nilikuambia Nyamweya amenilazimisha kusimamia harusi ya binti yake. Hakunilazimisha. Niliambiwa nichague, nikachagua harusi. Na ile siku tuligombana, nikakuambia unatumia ugonjwa wa mama kukwepa kazi. Nisamehe. Nilisema maneno ambayo hayakuwa ya kweli..."

Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Wasap. Aliutuma mwaka jana, mwezi wa nane, akiwa amejifungia chooni kwenye harusi ya watu, gauni la kukodi limemkaba kifua. Aliutuma kwa mtu mmoja tu duniani.

Akavua vipokea sauti.

"Kumbe hukujua," Calvince alisema kwa sauti ya chini. "Pole sana, madam."

* * *

Wimbo ulikuwa ukiendelea hewani Tryphosa alipousukuma mlango wa studio. Jacinta alikuwa kwenye kiti cha Tryphosa. Hakushtuka. Alipunguza sauti ya spika, akazungusha kiti.

"Umeingiaje?"

"Kwa msamaha wako."

Jacinta akautupia mlango jicho.

"Kwa nini, Jacinta?"

"Bosi aliniuliza jana kama nina sauti yako mahali ukiomba msamaha. Nikamwambia ninayo moja. Nimekaa nayo mwaka mzima."

"Uliniambia umenisamehe. Ulikuja kwangu. Tukala. Tukalia pamoja kwa kochi langu!"

"Nilikuambia, ndiyo. Ungetaka nikuambie nini? Wewe ndiye mwenye kipindi, mimi ni mtu wa kukusindikiza. Ukinuna, sina kazi." Maneno yalitoka yamenyooka. "Unajua siku ile jirani alikuwa na redio? Tunamteremsha mama kaburini, na ng'ambo ya ua nakusikia wewe unachekesha watu kwa harusi. Kituo kilikuwa kinaitangaza moja kwa moja. Watu wa kwetu wakaniuliza, si huyo ndiye rafiki yako?"

Msomaji, hata mimi ninayekusimulia sikuwa na jibu la kumpa.

"Hiyo ni kati yangu na wewe," hatimaye alisema. "Mokua amekukosea nini? Yuko chini ya mawe tangu Jumatatu."

"Hakuna mtu kule. Bosi ameniapia kwa Biblia."

"Mimi Jumatatu alinipa karatasi. Wewe amekupa Biblia. Jacinta, viatu vya yule mtu nimevishika kwa mikono yangu!"

"Mke anaweza kuleta viatu vyovyote."

"Saa nne wanafukia. Nipe maiki dakika mbili."

"Useme nini? Kwamba ile sauti si yako? Kila mtu anaijua." Jacinta akainama mbele. "Labda uicheze yote. Icheze, basi! Watu wa Magwagwa wasikie ulivyomsema mama yangu akiwa kitandani. Kanisa lako lisikie ulivyochagua harusi. Utaweza?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Wimbo ulikuwa umebakiza nusu dakika. Upande wa pili wa kioo, Calvince alikuwa amesimama, masikio wazi.

Kwa miaka kumi Tryphosa alikuwa amejenga jina la mtu mwema. Akina mama walimwita kwenye harambee zao. Mapadri na wachungaji walimkaribisha mbele. Aliyafikiria hayo yote kwa muda wa kupumua mara moja, na ninakuambia ukweli, aliona uchungu kuyaacha.

Akabonyeza kitufe cha kuzungumza na fundi.

"Calvince. Icheze yote."

"Nikiicheza hiyo, mimi sina kazi."

"Najua."

Calvince akajikuna kidevu. "Mke wangu atanimaliza," akasema, akabonyeza.

"Usimtaje mama yangu!" Jacinta akaruka kutoka kitini. "Tryphosa, usimtaje mama!"

Lakini sauti ilikuwa imeshaanza kusafiri. Jacinta dadangu, ni mimi. Ikaingia madukani, ikaingia saluni, ikaingia kwa vibanda vya chai mpaka Nyamira. Ugonjwa wa mama, harusi, kilio, vyote. Tryphosa alisimama akitazama zulia. Hakuweza kumtazama Jacinta, wala Jacinta hakumtazama yeye. Alipoinua kichwa mlango ulikuwa ukijifunga.

Akavuta maiki.

"Umesikia sauti yangu yote. Nilikuwa namwomba msamaha rafiki yangu mwaka jana, na nilistahili kumwomba. Nyamweya sikumwomba chochote. Asubuhi mlisikia kipande kilichokatwa ili muondoke pale shimoni. Ndugu zangu wa Tabaka, rudini. Mokua bado yuko chini. Mtu mwenye sururu aende, mwenye beleshi aende..."

Simu yake ikamulika. Magdaline! Akaipokea hapo hapo, akaiweka karibu na maiki.

"Tumekusikia!" Magdaline alikuwa anapiga kelele. "Nimefika sasa hivi. Watu wamesimama barabarani, wengine wanageuka. Madam, nisamehe kwa vile nilikuambia kule Nyakoe..."

"Usiniombe msamaha. Chimbeni. Mimi nitaendelea kuwaita watu."

Na akaendelea. Alitaja majina ya wachongaji anaowajua. Aliwaita vijana wa kwaya, wenye maduka, wenye pikipiki. Alimtaja Nyamweya mara tatu kwa jina lake lote, ndani ya studio ya Nyamweya. Hajawahi kutangaza vizuri kama asubuhi ile.

Alikuwa ameongea karibu dakika tisa aliposikia kioo kikigongwa. Calvince alikuwa akipunga mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akaingia studio mbio.

"Nyamaza, madam. Nyamaza tu. Haitoki."

"Nini haitoki?"

"Hakuna kinachotoka. Chumba cha juu kimezimwa. Hapa taa zinawaka lakini huko nje ni kimya. Nimefungua redio yangu ndogo sasa hivi ndipo nikajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopokea simu ya yule mama."

Tryphosa akatoka kwenye korido. Jacinta alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kwenda chumba cha juu, kile chenye mtambo wa kurushia matangazo. Ufunguo ulikuwa kwenye kiganja chake.

"Fungua, Jacinta."

"Umemsema mama yangu mara mbili sasa. Mara hii mbele ya watu wote."

"Nipe huo ufunguo. Nitapiga magoti ukitaka."

"Nimeshampigia bosi," Jacinta alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa. "Nimemwambia umeita watu. Amesema atapiga simu Tabaka wasingoje saa nne."

Tryphosa aliegemea ukuta. Rafiki yake alikuwa amemuuza jana jioni, sawa. Lakini hili alikuwa amelifanya sasa hivi, dakika kumi hazijapita, baada ya kuambiwa kuna mtu chini.

Simu ikalia mkononi.

"Madam." Magdaline safari hii hakupiga kelele. Alinong'ona, na mnong'ono huo ulikuwa mbaya kuliko kelele zote. "Redio imenyamaza katikati. Waliokuwa njiani wameanza kuulizana kama ni mchezo tena. Tuko wanane tu hapa, wanawake watano. Lakini nisikilize. Nimelaza sikio kwa jiwe. Kuna mtu anagonga."

"Una uhakika?"

"Anagonga mara tatu, ananyamaza. Anagonga tena. Ni bwanangu. Na dereva wa tinga ameambiwa kwa simu afukie sasa. Amewasha."

Calvince alikuwa amefika nyuma yake. Hata Jacinta aliinua uso.

"Weka spika," Tryphosa alisema. "Nipeleke kwa dereva. Kimbia."

Wakasikia pumzi, mawe yakibiringika, injini ikikaribia. Kisha sauti nzito ya mwanamume: "Mimi naitwa Ochoki. Sina ubishi na mtu. Nimetumwa kazi."

"Ndugu Ochoki, ni mimi Tryphosa wa Mambia FM. Kuna mtu hai chini ya hilo tinga lako. Zima injini."

"Wewe ndiye Tryphosa?"

"Ni mimi."

"Saa moja nimekusikia unasema ulidanganya. Saa tatu kasoro nimekusikia unasema hukudanganya. Halafu redio ikakufa. Saa hizi uko kwa simu. Nishike ipi, madam? Nitajuaje hata kama ni wewe?"

Tryphosa akafunga macho. Miaka kumi watu waliamini kila alichotamka, hata ile karatasi ya Jumatatu.

"Usiniamini mimi," akasema. "Zima hiyo injini dakika moja, usikilize mwenyewe. Dakika moja tu, Ochoki. Ukikosa kusikia kitu, fanya uliyotumwa."

Halafu injini ikakohoa, ikazimika.

Kwenye simu ulisikika upepo wa Tabaka, na ndege mmoja, na mwanamke aliyekuwa akiomba kwa Ekegusii. Sekunde zikapita. Tryphosa alizihesabu kwa midomo. Ishirini. Arobaini. Mokua, gonga. Gonga, baba Valentine. Hamsini na tano.

"Sijasikia kitu, madam," Ochoki alisema.

"Ngoja! Amechoka tu, mpe..."

"Nimekupa dakika yako."

Ufunguo wa tinga ukazungushwa. Injini ikanguruma upya, na juu yake ikapanda sauti ya Magdaline, safari hii haikuwa ya kunong'ona.

"Basi nifukie na mimi!"

Simu ikaanguka. Tryphosa alisikia miguu ikikimbia, mawe yakiporomoka mfululizo, kisha wanawake wakilia kwa pamoja: "Ameruka! Mama Valentine ameruka ndani!"

Na tinga lilikuwa bado linasonga.